Gurudumu la Kushoto la Bi Hester

Nikimsema vibaya Cyril Tranter najisema na mimi, kwa hiyo nitajaribu kwenda polepole. Tulifanya kazi pamoja miaka kumi na tisa katika yadi moja pale Hanbrook, chini ya vilima vya Malvern. Yeye alikuwa upande wa mitambo, mimi upande wa bodi na rangi. Jina langu ni Len Pugh. Wengi hawakulijua, walinijua kama "yule wa kwa Cyril", na sikuona ubaya. Kuwa wa kwa Cyril kilikuwa cheo.

Tulihudumia magari ya michezo ya zamani, yale ya viti viwili, paa la turubai na magurudumu ya spoku. Mtu asiye wa kwetu hawezi kuelewa. Mvua ikinyesha unalowa, barabara ikiwa mbovu mgongo unakoma, na ukifungulia joto unapulizwa baridi miguuni. Hata hivyo mwenye gari atalifuta vumbi Jumapili asubuhi kabla hajanywa chai yake.

Kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya Mei, chama chetu cha wenye magari hayo hupanda mlima kwa msafara, kisha hushuka kula nyama choma ya ng'ombe kwenye baa ya kijiji. Na Jumamosi ya kabla yake, magari yote yaliletwa kwa Cyril kusikilizwa. Ndivyo tulivyosema, kusikilizwa. Cyril aliingia kiti cha abiria, akafumba macho, mwenye gari akaendesha mpaka kanisani na kurudi. Wakifika yadini Cyril anafumbua macho na kusema sentensi moja. Hakuna aliyembishia. Daktari wa wilaya alibishiwa na wagonjwa wake, mchungaji alibishiwa, lakini Cyril hapana.

Na alistahili, nisimpunguzie. Kelele za magurudumu ya mbele alizijua moja moja. Mngurumo unaoongezeka ukikata kona kulia, basi beringi ya kushoto imekwisha, maana uzito wote umelalia huko. Kitu kinachocheza-cheza na kunyamaza ukigusa breki, hizo ni pedi. Kugonga kwenye mashimo, pini zimekosa grisi. Mtu anafika na uso wa msiba, ana hakika gari lake limekufa, Cyril anamwambia, "Kuna kijiwe ndani ya kifuniko cha gurudumu, bwana we, kitoe ukalale." Na kijiwe kinatoka.

Mimi nilianza kushuka moyo siku ya birika.

Tulikuwa na birika la filimbi pale yadini, lile linalopiga kelele maji yakichemka. Siku moja, majira ya baridi ya mwaka tisini na saba, lilipiga filimbi mpaka mbwa wa jirani akaanza kulia, na Cyril amesimama hatua mbili kutoka nalo, anasoma gazeti, ametulia kabisa.

"Cyril, chai hiyo!"

"Eh? Imechemka? Mbona hujasema?"

Nikacheka. Nikadhani mawazo. Lakini tangu siku ile nikawa naangalia, na kadiri nilivyoangalia ndivyo nilivyoona. Ndege hakuwasikia. Simu aliiacha iite. Sauti nene alizipata vizuri, ndiyo maana mngurumo wa beringi haukumpita, lakini kila kilicho chembamba, kila kinacholia tik au tsi, kilikuwa kimemtoka duniani. Nami nikaanza kumfunika. Simu ikilia nasema, "Hiyo simu, naipokea." Bi Hester Lydiate akipita anapiga honi mara mbili, pii pii, kama alivyokuwa akifanya marehemu mumewe kwa miaka yote, na Cyril desturi yake ilikuwa kuinua spana juu bila kugeuka. Sasa nikawa nasema kwanza, kama mtu anayejiongelesha, "Huyo Bi Hester." Ndipo spana inapanda. Hatukuwahi kuzungumza jambo hilo. Nilijiambia huo ndio urafiki.

Bi Hester alikuwa na miaka sabini na minne. Mwalimu mstaafu, mwembamba, mkali, asiyependa kushikwa mkono akivuka barabara. Mumewe, Hugh, alimwachia gari la kijani la mwaka sitini na nne, na nyundo ya shaba. Mwanawe Adrian, anayeuza bima Birmingham, alitaka gari liuzwe siku ya mazishi, au angalau siku ya pili yake. Bi Hester alimjibu mbele yetu sote, huku ameshika sahani ya keki, "Ukiliuza gari, na mimi niuze. Nitafutie tu mtu mwenye gereji."

Nyundo hiyo nieleze. Magari haya hayana nati nne au tano kwenye gurudumu. Yana nati moja kubwa ya katikati, yenye mbawa mbili, na unaikaza kwa kuipiga bawa kwa nyundo ya shaba ili usiikwaruze. Kanuni yake mtoto anaijua: ukitaka kukaza, bawa la juu lipige kwenda nyuma ya gari, ukitaka kufungua, lipige kwenda mbele. Pande zote mbili ni hivyo hivyo, kwa sababu habu, kitovu kinachobeba gurudumu, ya kulia na ya kushoto nyuzi zake za kushikia nati zimekatwa kinyume, makusudi, ili gari likienda nati izidi kujikaza yenyewe. Hugh alimfundisha mkewe kanuni hiyo kabla hajamfundisha kubadili gia. Na Bi Hester hakuwahi kutoka nyumbani bila kuzunguka gari lake na kupiga kila nati mapigo matatu, kwenda nyuma. Majirani waliamka kwa mapigo hayo.

Mwezi wa Machi tisini na nane alileta gari kwa ajili ya beringi za mbele. Asubuhi hiyo Cyril alichelewa, kitu ambacho hakikuwa kawaida yake. Akaja na koti la kutokea, akatoa barua mfukoni, akaitupa ndani ya jiko la kuni. Nilikuja kujua baadaye alikuwa ametoka kliniki ya masikio Worcester. Akavaa ovaroli, akafungua habu zote mbili za mbele, akaziosha kwa mafuta ya taa, akaziweka mezani. Siku zote ya kushoto aliiweka juu ya gazeti na ya kulia juu ya kitambaa. Siku ile aliziweka zote juu ya gazeti.

Akazirudisha. Magurudumu nilikuwa nayo mimi, nimeyapiga rangi ya fedha, kwa hiyo nikayavalisha mimi. Nikaweka nati iliyokubali nyuzi za habu ya kushoto, nikainua nyundo, nikapiga kwenda nyuma. Nati ikalegea. Nikapiga kwenda mbele, ikakaza.

Nilisimama pale na nyundo mkononi. Maandishi yaliyokuwa yamechorwa kwenye nati, yale ya kukuonyesha upande, yalishafutika kwa kung'arishwa miaka thelathini. Lakini mkono wangu ulijua. Mkono ulikuwa umepiga nati hizo mara elfu kwenda nyuma. Nikamtazama Cyril. Alikuwa ameinamia injini nyingine, mgongo wake umenigeukia, na nikajiambia, huyu ni Cyril, ana sababu yake. Wewe ni mtu wa rangi, paka rangi. Nikazikaza zote mbili kwenda mbele, kwa nguvu, nikaenda kunawa.

Hilo ndilo nililolifanya. Nimelieleza wazi ili usije ukanionea huruma mbele ya safari.

Jumamosi ya kusikilizwa yalikuja magari kumi na moja, na mvua. Bi Hester alikuwa wa nane. Hakungoja hata Cyril apande.

"Kuna kitu kinalia," akasema. "Mbele kushoto. Tik, tik, tik. Nikienda polepole inasikika zaidi, nikiacha mafuta inaongezeka."

"Ngoja tuisikilize," akasema Cyril.

Wakaenda kanisani, wakarudi. Mimi nilikuwa mlangoni, na gari lilipokata kona kuingia niliisikia mwenyewe, wazi kabisa. Tik. Tik. Tik. Zamani Cyril angeinua gurudumu kwa jeki, akalishika juu na chini, akalitikisa. Ilikuwa inanyesha na watatu bado walikuwa foleni. Akafumbua macho.

"Meno ya habu yamekauka," akasema. "Yanataka grisi. Upande mlimani kesho bila wasiwasi, Jumatatu uniletee."

"Una hakika, Cyril? Maana ni kama inaongezeka kila siku."

Akatabasamu. "Bi Hester, nani fundi hapa?"

Watu wakacheka. Bi Hester naye akacheka, akajifuta mvua usoni. Nilijua kwamba Cyril hajasikia kitu. Alikuwa amekisia tu, kwa maneno aliyopewa na Bi Hester mwenyewe. Nami niliufungua mdomo, haki ya Mungu niliufungua, na Cyril aliponitazama nikamuuliza kama anataka chai.

Kesho yake, kwenye kona ya tatu ya mlima, gurudumu la mbele kushoto lilitoka. Lilitangulia peke yake barabarani, likavuka, likaruka ukuta wa mawe na kusimama katikati ya kondoo. Gari liliburuta tumbo likaingia kwenye ua wa miti. Bi Hester alivunjika mkono wa kulia juu ya kiganja. Daktari alisema ni bahati, kwani upande wa pili wa kona ile hakuna ua, kuna bonde.

Gari lililetwa yadini kwa trela, na tulikuwa wawili tu. Cyril alichukua nati iliyookotwa, akaisogeza kwenye habu ya kushoto, akaizungusha. Akaizungusha tena. Nikaona shingo yake ikibadilika rangi. Akaenda upande wa kulia. Nati ya kulia ilikuwa imelegea pia, imeshikilia kwa nyuzi chache.

"Len," akasema. "Ulizivalisha wewe."

"Nilizivalisha mimi."

"Na hukuona?"

"Niliona."

Cyril akachukua spana. Alifungua habu zote mbili, akabadilisha kila moja akairudisha mahali pake, na mimi nikamshikia taa. Chai haijapoa ushahidi wote ukawa umekwisha.

Adrian alikuja alasiri ile ile, na viatu vyake vya mjini, anaruka madimbwi.

"Niambie ukweli, Bwana Tranter. Ni nini?"

Cyril aliangalia sakafu. "Nati zilikuwa zimelegea. Zote mbili za mbele."

"Zinalegeaje?"

"Ukizipiga upande usio wake."

Hakusema ni nani aliyezipiga. Hakuhitaji. Adrian alishusha pumzi kama mtu aliyengoja jibu hilo miaka mingi. "Masikini mama," akasema. "Ni akili. Dada yake naye ilianza hivi hivi, aliweka saa ndani ya friji." Akatupa mkono kila mmoja, akatushukuru. Alitushukuru! Mkono wake bado nausikia.

Kuanzia hapo ilikuwa ni kijiji kizima. Baani walisema kwa huruma, na huruma ya kwetu ni kitu kibaya sana, inakuja na kutikisa kichwa. Bi Hester amesahau mbele na nyuma. Bi Hester alizipiga kinyume. Funguo za gari zilichukuliwa na Adrian. Cyril akawa haendi baani, na mimi nikawa naenda na kunywa haraka. Yadini tulizungumza kuhusu rangi na boliti.

Mwezi wa Julai nilikuta nyundo ya shaba chini ya benchi. Ilikuwa imeanguka kutoka kwenye gari siku ile ya trela. Ningeweza kuiacha. Nikaifunga kwenye gazeti, nikachukua na chupa ya jamu ya plamu ya mke wangu, nikaenda.

Bi Hester alinifungulia mwenyewe, mkono umefungwa plasta. Alikuwa amekonda. Akanikaribisha jikoni, na pale nikaona karatasi. Zilikuwa zimebandikwa kila mahali, kwa mwandiko wa mkono wa kushoto, umelala kama nyasi. Juu ya jiko: ZIMA GESI. Mlangoni: FUNGUO? Kwenye kabati: DAWA NIMEKUNYWA ASUBUHI, na chini yake siku saba zimetiwa alama. Juu ya birika: JE, NI LA MOTO?

"Usizijali hizo," akasema. "Ni za kujisaidia. Siku hizi najichunga." Akaweka chai. Kabla ya kukaa akarudi kwenye jiko, akalitazama, akarudi, akaenda kulitazama tena. "Walinipeleka kwa mtaalamu, unajua. Akaniambia nichore saa. Nikaichora kwa kushoto, ikatoka kama yai. Adrian alipoiona alilia." Akacheka kidogo. Kisha akaifungua ile karatasi ya gazeti, akaiona nyundo, akaacha kucheka.

"Len, wewe utaniambia ukweli. Kuna kitu kinanisumbua. Nakumbuka nilipiga kwenda nyuma. Naiona asubuhi ile, naona mkono wangu. Mapigo matatu, kwenda nyuma. Hata nati ya kushoto ilisogea kidogo, nikafurahi, nikasema mikono bado ina nguvu. Nakumbuka kabisa. Na kumbe sivyo. Sasa kama hiki ninachokikumbuka vizuri hivi si kweli, basi na vingine? Hugh je? Nitajuaje kipi kilitokea?"

Nilinywa chai ikanichoma ulimi. Nilimwambia mambo haya yanatokea kwa kila mtu, jamu ni ya mwaka jana, plamu za mwaka huu bado. Nikaondoka. Nilipofika kwenye kona ya kanisa ilinibidi nisimame nishike ukuta, kwa aibu. Mzee wa miaka hamsini na sita nimeshika ukuta, watu wanapita, wananiuliza kama ni moyo.

Nilikwenda moja kwa moja yadini. Cyril alikuwa chini ya gari. Nikamvuta miguu.

"Amebandika karatasi," nikamwambia. Nikapaza sauti, kwa mara ya kwanza nikampazia sauti kama anavyopaziwa kiziwi. "Jikoni! Anajiandikia azime gesi! Anadhani amerukwa na akili, Cyril, na hajarukwa, ni sisi!"

Alikaa pale sakafuni na mafuta usoni. Nikangoja anikaripie. Akasema, "Nilidhani wangemchukulia gari tu. Nilisema, gari ataliacha siku moja hata hivyo."

"Basi vaa koti."

"Len, nikisema hili, nitasema na lile lingine. La masikio."

"Najua."

"Unajua?"

"Tangu birika."

Akajifuta mafuta usoni. Nilidhani atashukuru, mjinga mimi. "Na ukaniacha nikae katika magari ya watu," akasema, "nimefumba macho."

Nikampa koti lake. Tukaenda.

Bi Hester alitushangaa. Cyril alivua kofia jikoni, akaziona karatasi, akazisoma zote moja moja, taratibu, kama mtu anayesoma majina kaburini. Halafu akasema bila kukaa:

"Ulipiga kwenda nyuma. Ulipiga sawasawa. Mimi nilibadilisha habu mwezi wa Machi, ya kulia nikaiweka kushoto. Ukikaza inafunguka. Gari likienda inafunguka. Hukusahau kitu."

Bi Hester akasema, "Sema tena."

Cyril akasema tena, kwa sauti kubwa mno, sauti ya mtu asiyejisikia.

"Umejua lini?"

"Eh?"

"Nimesema, umejua lini?"

"Samahani Bi Hester, sijaipata hiyo."

Bi Hester alimkazia macho. Nilimwona akielewa, maana alifundisha watoto miaka arobaini na hakuna cha kumficha. Akamsogelea, akasema mbele ya uso wake, polepole, "Tik, tik, tik. Hukuisikia."

"Sikuisikia."

"Nilikuambia inaongezeka. Mimi niliisikia, Cyril. Ungeniambia tu husikii, ningekusikilizia. Kwani ningekucheka?" Kisha akanigeukia. "Na wewe?"

"Niliisikia," nikasema. "Na nati nilizikaza mimi, nikaona zimegeuka. Na tulijua siku ile ile, kabla Adrian hajafika."

Alihesabu kwa vidole vilivyochungulia kwenye plasta. "Wiki tisa," akasema. "Wiki tisa naamka usiku kuitazama gesi. Na leo hii ulikaa hapo hapo, Len, ukaniambia habari za plamu."

Akaanza kubandua karatasi. Alibandua ya jiko, ya kabati, ya birika. Ya mlangoni ilikuwa juu, na kwa mkono mmoja haikuwa rahisi, nikainuka nimsaidie. "Kaa chini," akasema. Nikakaa. Akavuta kiti, akapanda, miaka sabini na minne, plasta mkononi, na sisi wanaume wawili tunamtazama, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumgusa. Akaibandua, akashuka, akaziweka zote mbele ya Cyril.

"Jumamosi, baani," akasema. "Wote wakiwepo. Adrian nitampigia mimi aje. Mtasema kama mlivyosema hapa, na msinitaje kwa huruma."

Tulisema. Cyril alisimama karibu na meko, karatasi zile mkononi, akaeleza habu, akaeleza masikio. Alipomaliza, mmoja wa wale wa nyuma akauliza, "Kwa hiyo mwaka jana, gari langu, ile sentensi yako, ulisikia au ulikisia?" Cyril hakuisikia. Ikabidi nimrudie. Akafikiri kwa uaminifu mbele yao wote, akasema, "Lako nilikisia." Niliposimama mimi kueleza yangu, tayari watu walikuwa wamegeuka wanaangalia bilauri zao. Adrian alikuwa ameuzika uso viganjani. Hatukupigwa. Ningependelea tungepigwa.

Magari yakaacha kuja, si yote, lakini mengi. Cyril akapata kifaa cha sikio, chenye rangi ya ngozi ya mtu mwingine, akawa anakivaa Jumanne na Alhamisi na kukitoa kikimpigia miluzi. Kila kazi ya gurudumu akaniita niitazame kabla haijatoka, nami nikamwita atazame yangu.

Septemba mkono wa Bi Hester ukapona, funguo zikarudi. Gari alilitengenezea Hereford. Asubuhi moja ya jua nilikuwa napiga msasa mlango, Cyril ameinama kwenye meza ya kazi, mgongo barabarani, kifaa chake kipo ndani ya kikombe juu ya rafu. Nikasikia mapigo mbali, kule juu, kupita kanisa. Matatu, matatu, matatu, matatu. Kisha injini. Gari la kijani likateremka, paa limefunguliwa, yeye amefunga kitambaa kichwani. Akafika mbele ya lango letu. Hakutazama. Akapita.

Cyril alihisi mtetemo miguuni, injini ile aliijua kwa nyayo. Hakugeuka. Spana yake ikapanda juu taratibu, ikasimama hewani.

"Huyo Bi Hester," akasema. "Amepiga honi?"

Nilikuwa na mazoezi ya kutosha ya kumfunika. Neno moja tu lilitosha, na angefurahi mpaka jioni.

"Hapana, Cyril," nikasema kwa sauti, ili asikie. "Hajapiga."

Akaishusha spana, akaendelea na kazi.